Ushuru wa Paneli za Sola: Nani Analindwa, Nani Analipa?

Somo la vikundi vya masomo vya matawi



Katika mkutano wa tawi letu hapa Jinja, mwanachama mmoja alisimama akauliza swali ambalo lilitushinda siku ile. Alisema: "Siku hizi kila kijiji kina paneli za sola, na karibu zote zimetoka ng'ambo. Kwa nini chama kisiiombe serikali iziwekee ushuru mkubwa, ili kiwanda kijengwe hapa na vijana wetu wapate kazi?" Watu wakampigia makofi.

Hata makofi hayajatulia, akasimama mwingine, fundi wa kufunga sola. Akasema: "Mkifanya hivyo, mimi nitakula nini? Mteja wangu anauza mahindi ndipo apate paneli moja. Bei ikipanda hanunui, na mimi sina kazi." Huyu naye akapigiwa makofi, tena na watu walewale.

Sisi viongozi tulitazamana. Wote wawili ni wanachama wetu. Wote wawili wanalipa ada. Hatukuweza kumwambia mmoja kwamba kazi yake ni kazi na ya mwenzake si kazi. Tukaomba tupewe muda tukajifunze. Somo hili ndilo tulilopata, na tunalileta kwenu mlisome pamoja, kwa sauti, sehemu moja moja, mkijadiliana.

Tumeichukua Marekani kuwa mfano. Nchi hiyo imekuwa ikijaribu ushuru wa paneli tangu mwaka 2012, chini ya marais wa vyama vyote viwili vikubwa, na matokeo yake yanaonekana. Sisi hatuna utajiri wao. Lakini wazee walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

1. USHURU HULIPWA NA NANI?

Ushuru wa forodha ni kodi inayotozwa bidhaa ikiingia nchini. Wengi hudhani kwamba Marekani ikiwekea ushuru paneli za China, China ndiyo inayolipa. Sivyo. Anayelipa forodha ni mwagizaji aliye Marekani. Yeye ndiye anayeandika hundi.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme paneli imefika bandarini kwa shilingi 100,000, na ushuru ni asilimia 30. Mwagizaji atalipa 30,000, na paneli itakuwa imemgharimu 130,000. Hapo ana njia tatu: ampandishie mnunuzi bei, au apunguze faida yake mwenyewe, au ambane yule muuzaji wa ng'ambo apunguze bei. Mara nyingi huwa kidogo cha kila kimoja, lakini mnunuzi hakosi kubeba sehemu yake.

Je, zile 30,000 zinakwenda wapi? Zinakwenda katika hazina ya serikali. Haziendi kwenye kiwanda cha nyumbani, wala hazingii katika bahasha ya mshahara ya mfanyakazi. Kiwanda cha nyumbani kinachopata ni nafasi. Kama kilikuwa kikiuza paneli kwa 125,000 na kushindwa na ile ya 100,000, sasa kinaweza kuuza.

Basi ndugu, shikeni neno hili la kwanza: ushuru hutoa nafasi. Hautoi mtaji, haununui mashine, haufundishi fundi, wala haupandishi mshahara. Hayo hapana budi yatoke mahali pengine.

2. MNYORORO WA KAZI

Ili kuelewa nani anapata na nani anapoteza, ni lazima tujue paneli inapitia mikono ya nani.

Seli ya sola ya silikoni ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika maabara ya Bell, jimbo la New Jersey, Aprili 1954. Mwezi huohuo Malkia Elizabeth wa Uingereza alikuwa hapa Jinja kufungua bwawa la Owen Falls. Maji na jua vilianza safari pamoja, tunaweza kusema.

Safari ya paneli ni hii. Kwanza, kiwanda husafisha silikoni mpaka inakuwa safi kabisa. Kazi hiyo hutumia umeme mwingi sana. Pili, silikoni huyeyushwa ikawa gogo, kisha gogo hukatwa vipande vyembamba kama karatasi nene. Tatu, vipande hivyo hutengenezwa kuwa seli, yaani kile kitu chenyewe kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Nne, seli huunganishwa, zikafunikwa kioo na kutiwa fremu ya alumini. Hapo ndipo tunaiita paneli. Tano, fundi huifunga juu ya paa au shambani, pamoja na nyaya, betri na inveta.

Katika kila hatua yuko mfanyakazi. Lakini hawalingani kwa idadi. Mwaka 2016, kabla ya ushuru ule mkubwa tutakaoueleza, sekta ya sola ya Marekani ilihesabiwa kuwa na wafanyakazi wapatao 260,000. Waliokuwa viwandani walikuwa karibu 38,000, na hesabu hiyo ilijumuisha hata wanaotengeneza vyuma vya kushikilia paneli na inveta. Mafundi wa kufunga walikuwa karibu 137,000. Ndiyo kusema, katika kila watu 100, watu 15 hivi walikuwa viwandani na 53 walikuwa juu ya mapaa na mashambani. Waliobaki walikuwa wauzaji, wachoraji wa miradi na watu wa ofisi.

Kwa hiyo mtu anaposema "viwanda vya sola vya nyumbani", muulizeni: unasema juu ya hatua ipi katika hizi tano? Maana bidhaa ya hatua moja ni malighafi ya hatua nyingine. Ushuru unaomlinda mtengeneza seli unampandishia gharama muunganisha paneli. Ushuru unaomlinda muunganisha paneli unampandishia gharama fundi wa kufunga.

3. ZAMU YA KWANZA: 2011 HADI 2014

Miaka hiyo China ilikuwa imejenga viwanda vingi kwa msaada mkubwa wa serikali yake, na bei za paneli zilianguka sana duniani. Oktoba 2011 kampuni ya SolarWorld, yenye kiwanda Hillsboro, jimbo la Oregon, ilipeleka shauri Washington. Ilisema kwamba kampuni za China zinauza chini ya bei ya haki, tena zinapewa ruzuku. Mwaka 2012 Wizara ya Biashara ya Marekani ilikubali. Ushuru dhidi ya bei ya chini ulianzia asilimia 18 hivi kwa kampuni moja, ukafika karibu asilimia 250 kwa zile ambazo hazikupewa kiwango chao wenyewe. Juu yake uliwekwa ushuru mwingine dhidi ya ruzuku, asilimia 15 hivi.

Mambo mawili yalifuata, na yote mawili yanatuhusu sisi watu wa vyama.

La kwanza, bidhaa ilizunguka. Ushuru ulishika seli za China, basi kampuni za China zikanunua seli Taiwan na kuzitia katika paneli zao. Marekani ikaziba tundu hilo kwa maamuzi ya mwisho wa 2014 na mwanzo wa 2015. Kampuni zikajenga viwanda Malaysia, Thailand na Vietnam. Maji yakizuiwa huku hupita kule.

La pili, China ililipiza. Marekani ilikuwa hodari katika ile hatua ya kwanza ya mnyororo, yaani kusafisha silikoni, na mteja wake mkubwa alikuwa China. Januari 2014 China ilikamilisha ushuru wake juu ya silikoni ya Marekani, hadi asilimia 57. Katika mji wa Clarksville, jimbo la Tennessee, kampuni ya Hemlock ilikuwa imejenga kiwanda kipya cha silikoni cha dola bilioni 1.2. Mamia ya watu walikwisha kuajiriwa na kufundishwa. Mwanzoni mwa 2013, China ikiwa imekwisha kuanza uchunguzi wake, wengi wao waliachishwa kazi kabla kiwanda hakijaanza kuuza. Desemba 2014 kampuni ilitangaza kukifunga kabisa, ikitaja silikoni kuzidi sokoni na magomvi ya biashara. Huko Moses Lake, jimbo la Washington, kiwanda cha silikoni cha REC kilijikokota mpaka 2019, kikasimamisha uzalishaji.

Tafakarini jambo hili, ndugu. Mfanyakazi wa Oregon alilindwa, na mfanyakazi wa Tennessee akapigwa. Mtu wa Tennessee hakuwa upande wowote wa shauri lile. Hakuulizwa.

4. ZAMU YA PILI: 2017 HADI 2021

Aprili 2017 kampuni ya Suniva ya Norcross, jimbo la Georgia, ilifilisika. Katika mwezi uleule iliomba kinga kwa sheria ya biashara ya 1974, na SolarWorld ikajiunga nayo mwezi uliofuata. Safari hii ombi halikuwa juu ya China peke yake, bali juu ya paneli za karibu dunia nzima. Septemba 2017 Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba viwanda vya nyumbani vimeumizwa. Januari 2018 Rais Donald Trump aliweka ushuru wa asilimia 30, ambao ulipangwa kushuka hadi 25, kisha 20, kisha 15 katika miaka 4.

Sasa sikilizeni. Suniva, hicho kiwanda cha nyumbani, hisa zake nyingi zilikuwa mikononi mwa kampuni ya China. Na SolarWorld ilikuwa tawi la kampuni ya Ujerumani. Hatusemi kwamba wafanyakazi wake hawakustahili kulindwa. Walikuwa wafanyakazi wa Georgia na Oregon, wenye watoto Georgia na Oregon. Tunasema tu kwamba neno "nyumbani" lipimwe kwa kazi ya watu, lisipimwe kwa bendera iliyopeperushwa langoni.

Matokeo yalikuwaje? Tutoe haki kwa pande zote mbili.

Upande wa mazuri: viwanda vya kuunganisha paneli vilifunguliwa. Kule Dalton, jimbo la Georgia, mji uliozoea kutengeneza mazulia, kampuni ya Hanwha ya Korea Kusini ilifungua mwaka 2019 kiwanda kikubwa chenye wafanyakazi zaidi ya 600. Hizo ni kazi za kweli.

Upande wa mabaya: kwanza, sheria iliruhusu seli za gigawati 2.5 kuingia kila mwaka bila ule ushuru. Gigawati 1 ni megawati 1,000, na kituo chetu cha Nalubaale, yaani Owen Falls ya zamani, kina megawati 180, basi pimeni. Nafasi hiyo iliwafaa waunganisha paneli, maana walipata seli kwa bei nafuu. Lakini watengeneza seli walibaki uchi. Uunganishaji ulikua, utengenezaji wa seli ukafa.

Pili, waliolindwa hawakupona. SolarWorld iliuza kiwanda chake cha Hillsboro kwa kampuni ya SunPower mwaka 2018, na SunPower ikatangaza kukifunga Januari 2021. Suniva ilikaa kimya miaka mingi.

Tatu, mafundi wa kufunga waliumia. Idadi ya wafanyakazi wote wa sola ilishuka kutoka 260,000 mwaka 2016 hadi 250,000 mwaka 2017, wakati ushuru ulipokuwa bado unasubiriwa na watu wakiogopa kuanza miradi, kisha 242,000 mwaka 2018. Mwaka 2019 ilipanda tena ikakaribia 250,000. Chama cha makampuni ya sola kilidai Desemba 2019 kwamba ushuru umezuia kazi 62,000 zisizaliwe. Tukumbuke kwamba hicho ni chama cha waajiri, na wengi wao wanapenda paneli za bei ya chini. Hesabu ya mwajiri ni ya kusomwa kwa jicho moja wazi zaidi. Lakini hata tukiikata nusu, bado ni watu wengi kuliko walioajiriwa Dalton.

Nne, waliumia zaidi wa miradi mikubwa. Sababu ni hesabu. Paneli za paa la nyumba ni sehemu ndogo ya gharama yote. Kuna fundi, kibali, nyaya, inveta. Kama paneli ni 200 katika kila 1,000, ushuru wa asilimia 30 unaongeza 60 tu. Katika shamba kubwa la sola paneli huchukua sehemu kubwa zaidi. Kama ni 400 katika 1,000, ushuru unaongeza 120, na hapo mwenye fedha anasema, tusubiri. Namba hizi ni za mfano, lakini njia ya kuhesabu ndiyo hiyo.

5. ZAMU YA TATU: 2022 HADI 2025

Februari 2022 Rais Joe Biden aliongeza ushuru ule kwa miaka mingine 4, kwa asilimia 15 kasoro kidogo, hadi Februari 2026. Katika mwezi huohuo kampuni ndogo ya Auxin ya California ililalamika kwamba paneli za Malaysia, Thailand, Vietnam na Cambodia ni za China zilizobadilishwa njia. Uchunguzi ulipoanza Machi 2022, kabla ya ushuru wowote kutozwa, miradi ilisimama nchi nzima. Juni 2022 Rais alilazimika kusitisha ushuru huo mpya kwa miaka 2. Mafundi walijifunza kwamba hofu ya ushuru nayo hula kazi kama ushuru wenyewe.

Lakini Agosti 2022 lilitokea jambo la aina nyingine. Ilipitishwa sheria iliyompa mwenye kiwanda nafuu ya kodi kwa kila alichotengeneza nchini: senti 7 za dola kwa kila wati ya paneli, senti 4 kwa kila wati ya seli, na viwango vingine kwa vipande vya silikoni na silikoni yenyewe. Kila hatua ya mnyororo ilipewa chake. Kwa upande wa miradi ya kufunga sola, sheria iliweka sharti ambalo sisi wanachama tunapaswa kulisoma mara mbili. Mradi mkubwa uliolipa mshahara wa kiwango cha mahali pale na kuchukua wanagenzi ulipata nafuu ya asilimia 30. Usiofanya hivyo ulipata asilimia 6 tu. Fedha ya umma ilifungwa kamba kwenye mshahara wa mfanyakazi.

Viwanda vikaota. Uwezo wa kuunganisha paneli nchini Marekani, ambao mwaka 2022 haukufika gigawati 10, ulipita gigawati 50 mwanzoni mwa 2025. Hata Suniva ilifufuka, ikaanza tena kutengeneza seli mwishoni mwa 2024. Je, ilikuwa kazi ya ushuru? Ushuru ulikuwapo tangu 2012 na haukuleta hayo. Ushuru pamoja na nafuu ya uzalishaji ndivyo vilivyoleta.

Hata hivyo hadithi haikuishia vizuri kama wimbo wa harusi. Mwaka 2024 ushuru mwingine juu ya seli na paneli za China ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 50. Mwaka 2025 ushuru juu ya zile nchi 4 za Asia uliamuliwa, na kwa kampuni za Cambodia ambazo hazikushirikiana na uchunguzi ulizidi asilimia 3,500. Huo si ushuru tena, ni mlango uliopigwa misumari. Julai 2025 shauri jingine lilipelekwa dhidi ya India, Indonesia na Laos. Na katika mwezi huohuo sheria mpya ilizikata zile nafuu za miradi ya sola: mradi usioanza kujengwa kufikia Julai 2026 lazima uwe umekamilika kabla ya 2027 kwisha, ama sivyo unazikosa.

Novemba 2025 kampuni ileile ya Dalton iliwapunguzia saa na mshahara wafanyakazi wapatao 1,000 wa viwanda vyake vya Georgia. Sababu? Vifaa vyake kutoka nje vilizuiwa na forodha, katika kuitekeleza sheria inayokataza bidhaa za kazi ya kulazimishwa kutoka Xinjiang, China. Sheria hiyo, inayotumika tangu Juni 2022, ina msingi ambao chama chochote cha wafanyakazi hakiwezi kuupinga: mtu asilazimishwe kufanya kazi. Lakini tazameni jinsi kiwanda kinachoitwa cha nyumbani kilivyokuwa kikisubiri makasha bandarini kama sisi tunavyosubiri malori ya Malaba.

6. TUMEJIFUNZA NINI?

Kwanza: ushuru humlinda mfanyakazi mmoja kwa mfuko wa mfanyakazi mwingine. Chama kisiseme "tunaunga mkono" au "tunapinga" kabla ya kuwahesabu wote wawili.

Pili: ushuru peke yake huleta uunganishaji, hauleti kiwanda kizima. Rahisi ni kuagiza seli na kuzitia fremu. Vigumu ni kutengeneza seli na silikoni.

Tatu: nchi unayoiwekea ushuru nayo ina mikono. Huenda ikampiga mtu wako ambaye hukumfikiria.

Nne: ushuru unaobadilika kila baada ya uchaguzi ni mbaya kuliko ushuru mdogo unaojulikana. Mwenye mtaji huweza kusubiri miaka 2. Mfanyakazi hawezi kusubiri miezi 2.

Tano: kinga isiyo na sharti ni zawadi kwa mwajiri. Kama umma unalipa bei ya juu ili kiwanda kiishi, umma una haki ya kudai mshahara wa haki, wanagenzi, na uhuru wa kujiunga na chama.

7. NA SISI HUKU?

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, vifaa maalumu vya umeme wa jua vimekuwa kwa miaka mingi katika orodha ya vitu vinavyosamehewa ushuru, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya 2004. Nia ilikuwa njema: nyumba ya mkulima ipate taa, zahanati ipate friji ya chanjo. Ndiyo maana yule fundi wetu ana kazi.

Hata hivyo kuna kiwanda cha paneli karibu nasi, huko Naivasha, Kenya, kilichoanza mwaka 2011. Hicho huunganisha paneli kwa seli za kuagizwa, na hushindana na paneli zinazoingia bila ushuru. Wafanyakazi wake wana haki ya kuuliza lile swali la mwanachama wetu wa kwanza.

Kenya pia imetuonyesha jinsi kodi inavyoyumba. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni tofauti na ushuru wa forodha lakini mnunuzi huisikia vilevile mfukoni, iliwekwa juu ya vifaa vya sola mwaka 2013, ikaondolewa 2014, ikarudishwa 2020, ikaondolewa tena 2021. Muuza duka na fundi walipanga maisha yao juu ya mchanga.

Afrika Kusini nayo iliweka ushuru wa asilimia 10 juu ya paneli kuanzia katikati ya 2024, ili kuwainua waunganishaji wake. Ni vema tuwaangalie wanakwendaje, maana kiwango chao ni kidogo na nchi yao ina viwanda vingi kuliko zetu.

Basi tumewajibu nini wale wanachama wawili? Tumewaambia hivi. Kwa sasa, hapa kwetu hakuna kiwanda cha seli cha kulindwa. Kuweka ushuru mkubwa leo ni kumtoza mkulima ili kumlinda mtu ambaye hajazaliwa. Hatutaomba hivyo. Lakini hatutakaa kimya pia. Tutadai kwamba fedha ya umma inayonunua sola za shule na zahanati itangulize kampuni zinazolipa mishahara ya haki, zinazofundisha vijana, na zinazowapa mafundi mikanda ya usalama juu ya paa. Tutadai kazi zilizo karibu na mkono wetu zifanywe hapa: vyuma vya kushikilia paneli, makasha ya betri, nyaya, matengenezo. Na siku mwekezaji atakapokuja na kiwanda akiomba kinga ya ushuru, tutamwuliza maswali manne: hatua ipi ya mnyororo? Kwa miaka mingapi? Nani atalipa? Na je, mkataba na chama cha wafanyakazi uko wapi?

Yule wa kwanza alisema hajaridhika kabisa. Alisema, "Wenzetu wa viwanda vya nguo tuliambiwa tusubiri, tukasubiri mpaka mashine zikashika kutu." Hatukumkatiza. Maneno yake tumeyaandika katika kumbukumbu za mkutano, na tunayaleta kwenu kama yalivyo, kwa sababu ana haki. Anayesema hapana ushuru ana wajibu wa kuonyesha njia nyingine ya kupata kazi, tena upesi. Huo sasa ni wajibu wetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika tawi lenu, ni wanachama wangapi wanatengeneza bidhaa inayoshindana na ya kutoka nje? Ni wangapi wanaitumia au kuiuza bidhaa ya kutoka nje?

2. Chukueni bidhaa moja mnayoijua: sabuni, kitenge, mabati au betri. Andikeni hatua zake zote. Ushuru ungemsaidia nani na kumwumiza nani katika kila hatua?

3. Mfanyakazi wa Tennessee alipoteza kazi kwa shauri la kiwanda cha Oregon. Chama cha nchi nzima kingeweza kufanya nini ili wote wawili wasikilizwe mapema?

4. Kama mwajiri wenu angeomba chama kiunge mkono ombi lake la ushuru, mngemwandikia masharti gani? Yaandikeni matatu, myalete katika mkutano ujao.

Majibu yenu myatume kwa katibu wa elimu wa tawi. Tutayasoma yote.